Mwenye Nguvu Mpishe

Nyumbani kwetu hapa Calgary kuna mlango wa jikoni ambao fremu yake haijapakwa rangi tangu tulipoinunua nyumba. Si kwa uvivu. Upande wa kushoto wa fremu hiyo pana mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na kando ya kila mstari umeandikwa mwaka. Hivyo ni vimo vya mwanangu. Mistari ya mwanzo imeachana vizuri, upana wa vidole vitatu au vinne. Kisha inaanza kukaribiana, na miwili ya mwisho ukiitazama bila miwani utadhani ni mmoja.

Penye mstari wa mwaka 2000 ndipo aliposimama akaniuliza swali ambalo nimelibeba miaka yote hii. Alikuwa na umri wa miaka 12. Alishusha kisigino chake sakafuni, akageuka kuutazama mstari niliokwisha kuuchora, akauona haukupanda sana, akasema, "Baba, mtu mfupi anaweza kucheza hoki ya kulipwa?"

Nilimjibu papo hapo, hata penseli sijaiweka mezani. Nilimwambia, "Mwenye nguvu mpishe, mwanangu."

Katika kurasa hizi nataka kueleza swali lile lilitoka wapi, na jibu langu lilitoka wapi, na kwa nini leo, nikiwa mzee, siridhiki nalo.

Jibu lilitoka Tanga. Mimi mwenyewe ni mfupi, na baba yangu alikuwa mfupi kuliko mimi. Nilipokuwa shule, katikati ya miaka ya sitini, nilicheza kandanda upande wa kulia, namba saba, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa na mbio. Ikafika siku ya kuchagua timu ya pamoja ya shule za mji. Mwalimu aliyepewa kazi hiyo alitupanga bega kwa bega, warefu kuanzia kulia na wafupi kuishia kushoto. Kabla hajatupa mpira hata mara moja, akahesabu kutoka kulia mpaka idadi yake ikatimia, akawaambia waliobaki waende zao nyumbani. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho wa kushoto.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza baba. Alikuwa karani katika shamba la mkonge, mtu mpole ambaye sikupata kumsikia akigombana na yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwenye nguvu mpishe, mwanangu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akinipa kitu kilichomfaa yeye maishani, kama baba ampavyo mwanawe koti lake. Nami nililivaa. Nikampisha mwenye nguvu, na tangu siku ile sikugusa tena mpira kwa nia ya kushindana, hata ule wa jioni wa ufukweni.

Tulihamia Canada mwaka 1988, majani ya miti yakianza kupukutika, mimi na mke wangu na mtoto wetu wa mwaka mmoja. Mji wa Calgary ulikuwa umetoka kuandaa Olimpiki ya Majira ya Baridi mwezi wa Februari mwaka ule, na bado ulikuwa na furaha ya mtu aliyeoza binti yake juzi. Nilipata kazi ya ukarani katika bohari. Ilipofika Desemba nilikwisha kujua kwamba wenzangu wa kazini walikuwa na mazungumzo ya aina moja tu, na kwamba nisipoyaelewa nitakula chakula changu cha mchana peke yangu.

Msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo huu asiufananishe na ule mpira wa magongo waliokuwa wakiucheza Wagoa na Makalasinga kwetu, juu ya majani. Hapa uwanja ni barafu tupu. Kila timu ina watu sita, mlinda mlango akiwemo, nao wamevaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, wakiteleza kwa kasi kubwa mno. Wanachogombea ni kisahani kinene cha mpira mweusi, kigumu kama jiwe. Uwanja umezungushiwa ukuta wa mbao wenye vioo juu yake. Na sheria inaruhusu mtu kumpiga kumbo mwenzake aliye na kisahani, bega kwa kifua, akambamiza ukutani hata vioo vikatetemeka. Mara ya kwanza kuona hivyo nilidhani pameanza vita. Watu walikuwa wakila bisi.

Katika mchezo wa namna hii ndipo nilipomwona Theoren Fleury. Alizaliwa Oxbow, katika jimbo la Saskatchewan, na kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 6. Kila mwaka timu za Ligi Kuu ya Amerika Kaskazini, iitwayo NHL, huchagua vijana kwa zamu. Mwaka 1987 timu ya Calgary Flames ilipomtaja Fleury, vijana 165 walikwisha kutajwa kabla yake. Aliitwa katika timu ya wakubwa Januari 1989, na Mei ya mwaka ule ule Calgary ikaishinda Montreal na kutwaa Kombe la Stanley. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mwenzangu wa kazini, nikamwuliza yule mtoto anafanya nini uwanjani. Nyumba nzima ilicheka. Msimu wa 1990–91 mtoto yule alifunga magoli 51.

Aprili 1991, katika mchezo wa sita dhidi ya Edmonton, alifunga goli la ushindi katika muda wa nyongeza, kisha akateleza uwanja mzima kwa magoti na mgongo, akirusha mikono kama aliyepandwa na pepo. Mchezo wa saba Calgary walifungwa, lakini nyumbani kwetu hilo halikukumbukwa. Mwanangu alikuwa na miaka minne, na kwa muda wa miezi miwili hakuingia jikoni ila kwa kuteleza na soksi zake sakafuni, mikono juu. Mama yake alikuwa akimruka na sufuria mkononi.

Hivyo ndivyo alivyoupenda mchezo. Katika mtaa wetu wazee hujitolea usiku wa baridi kali kumwagia maji kiwanja cha watoto ili kigande kiwe barafu, na mwanangu alikulia pale. Alikuwa mdogo kuliko wenzake wote. Lakini aligeuka mahali ambapo wengine walihitaji nafasi ya lori kugeuka, na aliona kisahani kinakoelekea kabla hakijaelekea. Sisemi haya kama baba tu, kwani waliyasema watu wasiokuwa na undugu naye.

Sasa, ili niwe mwadilifu, yanipasa kusema kwamba wanaotaka watu warefu katika mchezo huu hawana wazimu. Mtu mrefu ana mikono mirefu, na akishika gongo refu anafika penye kisahani bila kusogea. Mtu mzito akikutana na mwepesi ukutani, mwepesi ndiye anayeachia. Mbele ya goli wakirundikana watu, mwenye kifua kipana husimama na mwenye kifua chembamba husukumwa. Kimo si wivu wa makocha tu. Kina kazi yake. Mfupi naye ana faida zake. Uzito wake uko chini, karibu na barafu, hivyo hageuzwi kirahisi, na huweza kujificha nyuma ya goli kama panya nyuma ya kabati. Lakini faida hizi huonekana pale tu anapoachiwa nafasi ya kwenda, nami nitalirudia jambo hili.

Na wafupi hawakuanza jana. Mwaka 1929 mlinda mlango Roy Worters, mwenye futi 5 na inchi 3, alipewa tuzo ya Hart, ambayo ni ya mchezaji mwenye manufaa zaidi kwa timu yake. Henri Richard wa Montreal, mwenye futi 5 na inchi 7, alitwaa Kombe la Stanley mara 11, na hakuna mchezaji mwingine aliyefikia hesabu hiyo. Haya niliyajua baadaye. Siku ya swali la mlangoni sikuyajua, na huenda hata ningeyajua ningejibu vile vile.

Septemba 1999 mwanangu alikwenda kujaribiwa katika timu ya daraja la juu ya umri wake. Kocha mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, aliniita kando akaniambia kwa upole kwamba kijana ana akili ya mchezo kupita wote waliokuja, lakini ni mdogo mno, arudi akikua. Akawekwa daraja la chini. Siku zile katika jimbo letu la Alberta watoto wa umri wake walikuwa wanaruhusiwa kupigana kumbo. Na katika umri ule, msomaji wangu, mmoja ameanza kuota ndevu na mwenzake bado anang'oka meno. Januari 2000 mtoto aliyemzidi mwanangu kichwa kizima alimkuta karibu na ukuta. Kumbo lile lilikuwa halali, refa hakupuliza filimbi. Mwanangu aliinuka, akateleza kuelekea benchi la timu nyingine.

Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo. Wiki tatu alikaa kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa, mwanga ukimwumiza. Mwezi uliofuata akasimama mlangoni nikampima, akaniuliza swali lake, nami nikampa koti la babu yake. Ilipofika Septemba sikulipa ada. Nilimwambia mwenyewe kwamba ni kwa ajili ya kichwa chake, na ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote. Mama yake, ambaye aliogopa kumbo zaidi yangu, aliniuliza usiku ule, "Umemjibu wewe, au amemjibu marehemu baba yako?" Nilimwambia nimechoka, nalala.

Mwanangu hakulia. Alilia mwaka mmoja kabla, Februari 1999, Calgary walipomwuza Fleury kwa timu ya Colorado. Safari hii alichukua magongo yake akayasimamisha pembeni ya gereji, nyuma ya koleo la theluji, akaanza kusoma sana vitabu.

Wakati huo huo, katika mji wetu huu huu, palikuwa na mtu mzima akiulizwa swali lile lile na kujibiwa vile vile. Aliitwa Martin St. Louis, mwenyeji wa Laval, Quebec, mwenye futi 5 na inchi 8. Hakuna timu iliyomteua alipokuwa kijana. Alitoka Chuo Kikuu cha Vermont akatafuta kibarua katika ligi ndogo huko Cleveland, ndipo Calgary ikamsajili mwaka 1998. Mimi na mwanangu tulimwona mara moja, kwa tikiti nilizopewa kazini. Aliingizwa dakika chache, akatolewa, akakaa mwisho wa benchi. Katika michezo 69 aliyoichezea Calgary alifunga magoli 4. Majira ya joto ya mwaka 2000 timu mbili mpya, za Minnesota na Columbus, ziliruhusiwa kuokota wachezaji ambao timu nyingine hazikuwalinda. Calgary hawakumlinda, na wala hakuna aliyemwokota. Kisha Calgary wakamwachia aende zake. Akaenda Florida, akasajiliwa na Tampa Bay Lightning.

Nilisoma habari ile gazetini, mistari michache, nikajiambia kwamba basi, hata watu wakubwa wamekubaliana nami.

Mwaka 2004 Calgary walifika fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa 1989. Mji ulirukwa na akili. Barabara ya 17 ilijaa watu waliovaa nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Wapinzani walikuwa Tampa Bay, na katika Tampa Bay alikuwamo St. Louis, ambaye msimu ule alikuwa ameongoza ligi nzima kwa pointi 94, na ambaye baada ya fainali alipewa tuzo ya Hart, ile ile ya Worters.

Mchezo wa sita ulichezwa hapa nyumbani, tarehe 5 Juni. Calgary walihitaji ushindi mmoja tu wachukue kombe. Mwanangu alikuwa na miaka 17, na ndiyo mara ya kwanza katika miaka minne kukubali kukaa nami kutazama. Ilikuwa mbili kwa mbili. Kipindi cha tatu kisahani kilimgonga mlinda mlango wa Tampa mguuni, na mpaka leo hapa Calgary kuna watu watakaokula yamini kwamba kilivuka mstari. Goli halikutolewa. Ukaja muda wa nyongeza, ukaisha. Ukaja wa pili. Sekunde 33 tu, kisahani kikadunda kutoka kwa mlinda mlango wetu, na mtu mmoja akakipiga kikaingia. Alikuwa St. Louis. Siku mbili baadaye Tampa wakashinda mchezo wa saba kwao, wakachukua kombe.

Nje, barabarani, mji ulinyamaza ghafla. Ndani ya nyumba yetu mwanangu aliitazama runinga kwa muda, kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili, lugha ambayo umri ule alikuwa haitumii nami isipokuwa kwa heshima, "Walimpisha, baba." Akainuka akaenda kulala.

Sikulala. Na kwa miezi mingi nilijitetea moyoni. Utetezi wangu nitauandika hapa kwa kuwa si wa kijinga. Katika hadithi za utotoni mwetu sungura humshinda fisi, humshinda simba, humshinda tembo. Hakuna bibi aliyepata kutusimulia habari za sungura aliyeliwa. Na sungura walioliwa ni wengi, vinginevyo simba wangekuwa wamekwisha kufa njaa. Kwa kila Fleury na kila St. Louis kuna watoto wafupi wasiohesabika waliokuwa na mbio na akili na bidii, wakaishia kwenye ukuta kama alivyoishia mwanangu, na majina yao hayako popote. Anayemwambia mtoto, "Tazama, St. Louis aliweza," anamwonyesha aliyefika ng'ambo ya mto na hamwonyeshi mto. Haya nayaamini hata leo.

Lakini yalitokea mambo yaliyonifanya nione kwamba mimi na baba yangu tulikosea mahali pengine kabisa.

Msimu wa 2004–05 haukuchezwa, kwa sababu wenye timu na wachezaji walishindwa kuafikiana juu ya fedha. Ligi iliporudi mwaka 2005 ilirudi na waamuzi wakali. Zamani mtu mkubwa aliyepitwa na mdogo alikuwa akimnasa kwa gongo lake kiunoni, au akimshika nguo, au akijiegemeza juu yake mpaka kasi imwishe, na refa akitazama pembeni. Jambo hilo siku zote lilikuwa kosa katika vitabu vya sheria. Baada ya 2005 likawa kosa na barafuni pia: ukimnasa mtu, unakwenda kukaa kifungoni dakika mbili na timu yako inabaki pungufu. Tena pasi ndefu zilizokuwa zimekatazwa, za kuvuka mistari miwili, zikaruhusiwa, na uwanja ukawa kama umeongezwa urefu.

Na tangu hapo wafupi wakaanza kuonekana wengi. Hawakuongezeka kimo hata inchi moja. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa akiwashika aliambiwa aachie. Nilipolielewa hili nilikaa chini. Kumbe katika miaka yote ile waliposema "ni mfupi mno kwa mchezo huu," sehemu kubwa ya ufupi wake ilikuwa mikono ya watu wengine nguoni mwake.

Na hata lile kumbo la mwanangu nililipata maelezo yake kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary walitangaza matokeo yao. Waliwalinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, walioruhusiwa kupigana kumbo, na wenzao wa Quebec, ambao hawakuruhusiwa. Watoto wa Alberta waliumia mara tatu na zaidi kuliko wale wa Quebec. Mwaka 2013 kumbo likapigwa marufuku kwa umri ule Canada nzima. Kwa hiyo mtoto wangu angezaliwa Laval, mahali alipozaliwa St. Louis, Januari ile asingelala gizani wiki tatu, na kimo chake kingekuwa kile kile kilichopo mlangoni.

Baba yangu aliponiambia mwenye nguvu mpishe, alikuwa akisema kana kwamba nguvu ni kitu kama mvua. Hakuniambia kwamba kuna mtu aliyeamua kutupanga kwa urefu kabla ya kutoa mpira. Nami sikumwambia mwanangu.

Isidhaniwe kwamba wanaofaulu hufaulu bure. Fleury aliandika kitabu mwaka 2009, akaeleza kwamba alipokuwa kijana alidhulumiwa vibaya na kocha wake, na jinsi ulevi na dawa za kulevya zilivyomfuata mpaka ligini. Nilikisoma kwa kuhema. Niliwaza kwamba kijana anayeambiwa na kila mtu kwamba hatoshi humshikilia sana yule mmoja anayemfungulia mlango, na si kila anayefungua mlango ana nia njema. Wazazi wa watoto wafupi tulitazame hilo kabla ya kutazama mizani na futi.

Lakini pia mlango ukifunguliwa na mtu mwema, heri yake ni kubwa. Februari 2022 St. Louis, ambaye jina lake lilikwisha kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu mwaka 2018, alikabidhiwa timu ya Montreal aifundishe. Alimkuta kijana Cole Caufield, mfupi kama yeye, aliyekuwa amefunga goli 1 katika michezo 30. Kabla msimu haujaisha kijana yule alikuwa na magoli 23. Hakumwongezea kimo. Alimwachia acheze.

Hapa Calgary tulimpata mwingine, Johnny Gaudreau wa New Jersey, aliyeteuliwa mwaka 2011 akiwa wa 104. Wakati ule mwanangu alikuwa amemaliza chuo, ana kazi, na jioni mbili kwa wiki alikuwa akiwafundisha watoto wa mtaa kwenye kile kiwanja cha wazee wa kumwaga maji. Sikujua lini aliyatoa magongo nyuma ya koleo. Tulianza kwenda uwanjani pamoja kumtazama Gaudreau, na msimu wa 2021–22 mtu yule mdogo alipata pointi 115. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika uwanja wa barafu, na inasimuliwa kwamba Johnny alipokuwa mtoto mchanga kwenye viatu vya kutelezea, baba alikuwa akimtandikia peremende juu ya barafu ili azifuate, moja baada ya nyingine. Mwanangu ndiye aliyenisimulia. Hakuongeza neno, nami sikuongeza.

Gaudreau alihamia Columbus mwaka 2022. Usiku wa tarehe 29 Agosti 2024, akiwa na ndugu yake Matthew wakiendesha baiskeli kule kwao New Jersey, waligongwa na gari, wote wawili wakafa. Johnny alikuwa na miaka 31. Watu wa Calgary walikwenda kwenye ngazi za uwanja wa Saddledome wakaweka maua, fulana, magongo, na pakiti za peremende zile alizozipenda. Mwanangu alinipigia simu akaniuliza kama nitakwenda naye. Alikuwa amechukua gongo lake la mwaka 2000, fupi, la mtoto. Alilisimamisha kati ya mengine, akarudi akasimama karibu nami.

Niliona ndipo mahali. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile mlangoni nilikujibu vibaya."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Huenda nisingefika, baba. Nawafundisha watoto sasa, najua wanaofika ni wangapi. Lakini nilitaka nikataliwe na mchezo wenyewe. Sikutaka nikataliwe nyumbani."

Tulirudi kwenye gari polepole, kwa sababu ya magoti yangu.

Basi, msomaji wangu, mtu mfupi anaweza kufaulu katika hoki ya kulipwa? Anaweza, na ushahidi nimeutoa. Ni wachache? Ni wachache, kama walivyo wachache warefu wanaofika huko, ila wafupi ni wachache zaidi. Mtoto akiniuliza leo nitamwambia yote mawili, kisha nitamwuliza nani anachezesha, na sheria gani inafuatwa, na kocha wake ni mtu wa namna gani. Nitahakikisha kichwa chake kina kofia nzuri. Halafu nitalipa ada.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka sita, alisimama penye fremu ile ya mlango, akataka naye apimwe. Baba yake alichora mstari. Uko chini ya ule wa baba yake wa umri huo, kwa upana wa kidole. Mtoto aliutazama, akatutazama sisi wawili, akauliza kama kesho kiwanja kitakuwa kimeganda.

"Kitaganda," nilimwambia. "Lala mapema."